Mbuzi Niliowapaka Rangi

Mimi ni mwalimu mzuri wa chekechea. Nalisema hilo mapema tusipotezeane muda, kwa sababu ninayotaka kusimulia ni ya siku nilizokuwa mwalimu mbaya, na sitaki mtu anihurumie. Siku hizi walimu wengine hutumwa kwangu waone ninavyofanya kazi. Wanafika kwa pikipiki kutoka Lodwar, wanajipangusa vumbi, wanachungulia kwenye chumba chetu cha mabati na kukuta hakuna mtu. Watoto wako nje kivulini. Wanafinyanga matope, wanajenga maboma kwa vijiti vya miiba, wanagombana ni nani aliyeacha mbuzi wake wakaingia kwa jirani. Mgeni huniuliza masomo yanaanza saa ngapi. Humwambia yalianza zamani, akae chini asikilize.

Sikuanza hivyo. Nilikuja Turkana kutoka magharibi, kwenye vilima na mvua ya kila alasiri, nikiwa na cheti kipya, godoro na maoni mengi. Mama yangu alitulea kwa ufagio. Kabla jua halijachomoza, uwanja wetu ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya chelewa inaonekana udongoni, na mpita njia akijua humu mna watu wenye heshima zao. Kwa hiyo nilipopewa darasa langu la kwanza, katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Kalokol, kitu cha kwanza nilichokitengeneza hakikuwa chati ya herufi. Kilikuwa ufagio wa makuti ya mkoma.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mabati ambacho kufikia saa nne hakikaliki. Mbele yake palikuwa na ewoi, ule mgunga wenye kivuli kipana, na nyuma yake laga, mto wa mchanga mtupu unaopata maji siku chache tu mvua ikinyesha mbali huko juu. Tulikuwa watu wazima wawili. Mwenzangu alikuwa mpishi wa uji, mama wa rika la dada yangu mkubwa, mzaliwa wa hapo hapo. Mimi Kiturkana changu kilikuwa kinaishia kwenye ejok ya salamu, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Aliniita mwalimu kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kama ni ya heshima au ya utani.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilibandika chati ukutani: hii treni, hii meli, hili tufaha. Watoto waliitikia kwa sauti kubwa huku macho yako mlangoni. Mapumziko yakifika walitoka mbio mpaka uwanjani kando ya laga, wakachuchumaa kwenye mawe yao. Mawe hayo yalikuwa madogo, ya kujaa kiganja, yamepangwa makundi makundi na kuzungushiwa vijiti. Niliwaona kila siku. Lakini mchezo, kwangu, ulikuwa kitu ambacho mtoto hufanya mwalimu akikosa cha kumfanyisha.

Kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka mitano hivi, shanga shingoni, kichwa kimenyolewa pembeni. Darasani hakufungua mdomo. Nje aliamuru, na hata waliomzidi kimo walimtii. Aliishi na bibi yake, na bibi huyo alikuwa amenieleza mambo wazi siku ya kuandikisha. Katika nyumba nyingi za huko watoto hugawanywa: huyu wa shule, wale wa mbuzi. Huyu msichana alikuwa wa shule.

"Nimekupa mmoja," alisema, mpishi akitafsiri. "Shule ikimkataa, au yeye akiikataa shule, ataenda na mjomba wake milimani kuchunga. Akishaenda, ameenda. Usije kuniomba tena."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na uhakika mwingi siku hizo, na kidogo sana kati yake kilikuwa na msingi.

Basi siku moja ya Jumanne nikaletewa habari kwamba afisa wa elimu atapita kesho yake, akielekea Kalokol. Watoto walipokwenda nyumbani mchana, nilishika ufagio. Nilifagia ule uwanja kama ambavyo mama yangu angeufagia. Vijiti nikavichoma. Mawe nikayakusanya kwenye karai, na nilipoyaona yamejaa pale, nikapata wazo ambalo naamini lingemjia mtoto yeyote wa mtumishi wa serikali katika nchi hii. Kila ofisi niliyowahi kuingia tangu utotoni, iwe ya chifu, ya zahanati au ya polisi, ina mawe meupe kandokando ya njia. Ndiyo alama kwamba hapa kuna mwenyewe. Nilikuwa na rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki walipopaka mlango wa choo. Nikayapaka mawe yote, moja moja, pande zote, nikayapanga mistari miwili kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nikasimama mbali nikatazama kazi yangu, nikafurahi kwelikweli.

Asubuhi watoto walikuja pamoja kama kawaida yao. Walifika kwenye mstari wa kwanza wa mawe wakasimama. Hakuna aliyelia. Msichana alitembea kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho akitazama chini, akarudi kwa upande wa pili, akainama akaokota jiwe moja. Alilikwaruza kwa ukucha. Alilifunga kwenye pindo la shuka yake, akasema neno moja, na watoto wote wakageuka wakarudi walikotoka. Uji ulikuwa bado jikoni.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema tuhame." Mpishi alikuwa ameweka mwiko chini. "Mwalimu, umevamia hawa watoto."

"Nimevamia nani? Mimi?"

"Hiyo ilikuwa mbuzi yao. Kila moja iko na mwenyewe, iko na rangi yake. Umechukua yote, umeua rangi, alafu umepanga kwa barabara watu waone. Hata mwizi anafichanga."

Nilikasirika. Nikamwambia ni mawe, na laga imejaa mawe, na watoto watarudi wakisikia njaa. Yeye akaondoa sufuria motoni.

Afisa alifika saa nne. Alisifu njia, akasifu uwanja, akasema angetaka walimu wengine wote waje wajifunze kwangu. "Hapa ni safi sana, madam," alisema. "Sasa watoto wako wapi?"

Nikatafuta la kusema. Mpishi akanitangulia. "Wamehama, mkubwa."

Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaingia kwenye gari, akaenda zake Kalokol. Mpaka leo sijui aliandika nini. Nilibaki kwenye ule uwanja mweupe, msafi, usio na mtu hata mmoja, na hapo ndipo aibu iliponipanda mpaka masikioni.

Alasiri hiyo tulikwenda kwa bibi, mimi na mpishi. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, nami nilikuwa naelekea nyumbani kwa mjukuu mwenyewe. Bibi alitupokea vizuri, akatuwekea ngozi ya kukalia. Msichana alikuwa pale, hakunitazama. Nje ya boma mjomba, kijana mrefu mwenye maneno machache, alikuwa anashona mkanda wa ngozi wa kubebea maji. Angeondoka na mbuzi Jumapili alfajiri, kabla jua halijawa kali.

"Mtoto amekataa shule," bibi alisema. "Anasema huko kuna wavamizi. Anataka kwenda na mjomba."

"Ata," nikasema, kwa jina ambalo wajukuu wake humwitia, nikijaribu kucheka. "Ni mawe tu."

Bibi alisubiri tafsiri ikaisha. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na kile cheti chako ulichonionyesha, si karatasi tu?"

Njiani kurudi nikamuuliza mpishi nifanye nini. Alishangaa kwamba mtu aliyesoma anauliza swali kama hilo. Aliyechukua mbuzi wa watu hulipa, alisema, na hulipa zaidi ya alichochukua, na wenyewe ndio husema kama wameridhika. Nikamuuliza kama nilipe mawe. Akasema nilipe mbuzi.

Alhamisi sikufundisha mtu, maana hapakuwa na wa kufundishwa. Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Nilimwaga mafuta ya taa kwenye karai nikasugua mawe. Weupe ulitoka nusu, na chini yake pakabaki kijivu chenye utelezi kisichofanana na mnyama yeyote. Niliposugua jiwe la sita nikavunjika moyo. Tukashuka kwenye laga tukitafuta mengine, mpishi mbele mimi nyuma, jua likitupiga utosini.

Nilidhani itakuwa kazi ya nusu saa. Niliokota mawe nikamwonyesha, naye akayatupa. Hili si mbuzi, hili ni jiwe. Hili mbuzi, lakini mgonjwa. Hili sawa, ni meri, mwenye madoadoa. Hili ni kori, mwenye mabaka makubwa kama twiga, huyu wenyewe watapigania. Alinifundisha kutazama jiwe kutoka upande wa tumbo. Baada ya muda nilianza kuwaona mwenyewe, na nilipompata mweusi mwenye ukanda mweupe kiunoni nilipiga kelele mpaka mpishi akacheka. Nilikuwa sijawahi kuufurahia mchanga ule hata siku moja tangu nifike.

Ijumaa nilibeba karai kichwani mpaka kwa bibi. Watoto walikuwa wamepata habari, wakaja wote. Walikaa chini kwa mduara, na msichana akapokea malipo.

Nilikaa kando nikatazama. Alitoa jiwe moja moja, akaligeuza, akamwita mwenye nalo. Hakuuliza mtu alikuwa na mbuzi wangapi. Alijua kwa rangi, na alijua wa rangi gani hajarudi. Wale wadogo aliwapanga karibu na mama zao. Mvulana mmoja alidai kori ambaye hakuwa wake, ukazuka ubishi, akaulizwa kisima alichomnyweshea, akashindwa kueleza, akaketi. Kwa majuma matatu nilikuwa nimehangaika na kadi za rangi nikiwafundisha hawa hawa kutenganisha kubwa na dogo, nyingi na chache, cha kwako na cha mwenzio. Niliona haya, lakini zaidi ya haya niliona furaha. Nilijua kwamba kuanzia siku hiyo kazi yangu itakuwa rahisi kuliko ya mwalimu yeyote wilayani, kama tu wangenirudia.

Karai lilipobaki tupu, wote walikuwa wamepata, na wa ziada juu. Watoto wengine walikuwa wameanza kunitabasamia. Msichana hakutabasamu. Alifungua pindo la shuka akatoa lile jiwe aliloliokota njiani siku ile. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa kwenye mwamba mpaka umechubuka, na rangi yangu ilikuwa imeingia kwenye vitundu vyake vyote. Akasema jambo.

"Anauliza wa mama yake," mpishi alinieleza. "Huyu alipewa na mama. Mama alimtoa Kakuma, anakofanya kazi. Anasema umelipa wengine wote, huyu hujalipa."

Nikamwambia nitaleta mwingine mzuri zaidi. Msichana akatikisa kichwa kabla hata ya tafsiri. Nyuma yake mjomba alikuwa amemaliza mkanda wake wa ngozi, sasa anapima kamba za punda.

Usiku ule nililala vibaya, na Jumamosi nikadamka nikashika gari la Kakuma. Ningeweza kutafuta namba ya simu, lakini nilichoharibu kwa mkono wangu nilitaka kukitengeneza kwa miguu yangu. Nilichokuwa nacho ni maelezo ya bibi: binti yake anafulia watu nguo kwenye kambi ya wakimbizi, na saa sita hunywa chai kwa mama mmoja wa Sudan Kusini karibu na soko.

Nilimpata mama wa chai kwa kuuliza. Huku mtu anajibu kwa Kisomali, kule kwa Kiarabu cha Juba, na Mkongomani mmoja akanielekeza kwa Kiswahili kirefu chenye adabu zote. Kibanda kilikuwa na viti vya plastiki na uwanja mdogo nyuma. Pale uwanjani wanawe walikuwa wamepanga ng'ombe wa udongo wanaokauka juani, wenye pembe ndefu zilizopinda. Walikuwa wameziba njia yote ya jikoni. Mama mwenyewe alipita na sinia la vikombe akiwaruka, mguu huku mguu kule, bila kumwaga tone.

"Pita pole pole, dada," aliniambia. "Usikanyage ng'ombe ya watoto."

Nikapita polepole sana.

Mama yake msichana alikuja akiwa na mikono iliyokunjamana kwa maji. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nilijitambulisha nikamweleza yote, sikujiwekea akiba: ufagio, rangi, mistari miwili. Nikamwambia kesho alfajiri mtoto anaondoka na mbuzi asipolipwa huyu mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Jiwe gani, mwalimu?"

"Lile ulilompa. Ulipotoka huku."

Alifikiri kwa muda. Kisha nikaona amekumbuka, na sura yake ikabadilika. "Ile? Ile niliokota tu hapa kwa laga, siku nilikuwa naenda kuwaona. Sikuwa na kitu ya kubeba. Na yeye alikuwa analia nikirudi, nikampatia akuwe na kitu ya kushika." Akaniinulia macho. "Bado anayo?"

Nikamwambia anayo, na kwamba alimfanya mbuzi, na mbuzi huyo ndiye wa kwanza kutolewa kila asubuhi. Sikujua kama hilo la mwisho ni kweli. Mama huyo alijifunika uso kwa leso, na mimi nikalia pia, mbele ya wanywaji chai, bila kujizuia.

Tulishuka pamoja kwenye laga ya Tarach. Nilimwacha achague mwenyewe. Alitembea akiwa ameinama, akiokota na kurudisha, na nguo za watu zikamngoja. Mwishowe alirudi na jiwe dogo la rangi ya kahawia lenye alama nyeupe pajani.

"Mpelekee hii," alisema. "Lakini usimdanganye. Mwambie mama hakumbuki rangi ilikuwa gani."

Gari la kurudi lilichelewa, nikawa na muda mrefu wa kufikiri nitakavyodanganya. Ingekuwa rahisi. Ningesema ni pacha wa yule, ningesema mama amelia kwa furaha akamtambua. Mtoto wa miaka mitano, nani angejua? Nilifika kijijini jua linaanza kushuka, nikampitia mpishi, tukaenda. Mitungi ya maji, mmoja kwa kila msafiri, ilikuwa tayari imefungwa mgongoni mwa punda mmoja, mjomba akijaribu uzito. Msichana alikuwa amevalishwa kandambili za tairi la gari, mpya, za safari ndefu.

Nilichuchumaa mbele yake nikanyoosha mkono. Alilichukua jiwe, akaligeuza, akalitazama kutoka upande wa tumbo. Alilinusa.

"Anasema huyu si yule," mpishi alisema.

Bibi alinitazama. Mjomba naye aliacha kamba akanitazama.

"Ni kweli," nikasema. "Si yule. Mama yako alimchagua leo kwa mkono wake, pale pale alipomwokota wa kwanza. Lakini rangi ya yule hakumbuki. Ameniambia nisikudanganye. Na mimi ndiye niliyemharibu yule, naye hawezi kurudi, na ninasikitika."

Mpishi alitafsiri yote, taratibu. Msichana alikaa chini, akafungua pindo la shuka, akamtoa yule wa zamani aliyechubuka, akamlaza kwenye mchanga. Kisha akamchukua yule mdogo wa kahawia, akamsogeza mpaka kwenye tumbo la mwenzake, akamwacha hapo. Hatimaye akaongea, si na mimi, na mjomba wake, kwa ile sauti aliyokuwa akiamuru nayo watoto uwanjani.

Mpishi alichelewa kutafsiri. Nilimshika mkono.

"Anasema huyu ni mtoto wa yule," alisema. "Amezaliwa juzi. Hawezi kutembea mpaka milimani. Lazima mtu abaki naye."

Bibi akamwambia mjomba apunguze mtungi mmoja.